Nilisema Sikusaidiwa na Mtu, na Dada Alikuwa Ukumbini

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie maana hii ni wiki ya tatu dada yangu hapokei simu zangu. Mimi ni mjenzi wa nyumba za kupangisha, nilianza nikiwa kibarua wa kuchanganya zege na leo nina maghorofa manne, na siku tulipozindua hilo la nne nilipewa kipaza sauti nikawaambia wageni, "Mimi sikushikwa mkono na mtu, nilihangaika peke yangu," watu wakashangilia, nami nikanogewa nikarudia, na dada alikuwa amekaa safu ya mbele kando ya mke wangu. Alipiga makofi kama wengine, akachukua mkoba wake, akaondoka kabla ya chakula.

Ukweli ni kwamba wazazi walituachia nyumba ya vyumba viwili, na ni dada aliyekubali tuibomoe ili nijenge vyumba sita vya kupangisha, akahamia na wanawe kwenye stoo ya saruji karibu miaka miwili, mchana anashona nguo za watu, jioni anamwagilia matofali, na kwa vile hakuwa na nafasi ya kuzunguka ofisi za ardhi hati niliiandikisha kwa jina langu, basi vyumba vile ndivyo vilivyoniinua. Nimesimulia maisha yangu mara nyingi bila kumtaja mpaka nimezoea. Nilimpelekea funguo za fleti mpya kupitia dereva, akazirudisha: "Mwambie mdogo wangu bado nina pa kulala." Mke wangu anasema nimwache, atapoa. Jumamosi nimealikwa kuzungumza na vijana wa chuo, nikisema kweli wataniona mwongo, nikinyamaza nitamtazamaje dada?

Ni mimi, Mzee Zege

Mzee Zege, pole, lakini sitakubembeleza. Najua linakuuma, asiyejali asingeandika. Ila dada yako alilala na watoto kati ya mifuko ya saruji, halafu wewe unamtumia dereva! Funguo zile zilikuwa za kumziba mdomo, naye ameelewa hivyo hivyo.

Tena kuna jambo umelipitia mbiombio katikati ya barua kama mtu anayeruka dimbwi. Hati. Nyumba ya wazazi wenu nyote wawili, jina la mmoja. Hotuba ilimwaibisha siku moja. Hati imemfuta miaka yote hii. Usiombe radhi kwa hotuba ukaiacha hati kabatini.

Kesho asubuhi nenda kwa mwanasheria, aanze kuliingiza jina la dada yako. Ukitoka hapo nenda kwake wewe mwenyewe, bila dereva, bila mke, bila zawadi. Usimweleze ulivyonogewa. Sema, "Dada, nilikudhulumu," kisha nyamaza umsikilize, hata akiongea mpaka jioni. Jumamosi waambie vijana yote. Watakaokuita mwongo watakuwa wamesema kweli, na utaishi tu.

Asipokufungulia, kaa kibarazani. Una wasimamizi wa kutosha. Siku moja bila wewe hakuna ghorofa litakaloanguka.