Vitambaa vya Uso vya Wifi

Baba Chonga,

Wali umo sufuriani, samaki nimemfunika, paka asikutangulie. Mimi niko kwa mama, Majengo. ~~Nitarudi magharibi.~~ Nitarudi moyo ukipoa.

Asubuhi nilikuonyesha leso niliyopewa na mama nilipomzaa Chonga. Dadako Mbodze amerudi arusini akaitumia kujipangusia wanja na rangi ya mdomo. Leso huvaliwa doti. Upande mmoja ukiharibika, wa pili wa nini? Nawe, macho kwenye simu, ukanijibu: "Kitambaa ni kitambaa, mke wangu. Usimkere mgeni."

Haya, nimekutii. Ulipotoka nimeketi kwenye cherehani nikamshonea mgeni wako vitambaa vya duara vya kupangusia uso, tabaka mbili mbili, ukingo nimeupinda vizuri. Vimo kikapuni, hapo mezani. Avifue, avianike, avitumie tena. Vitamfaa mwaka mzima, maana ni pamba safi, nyeupe pe.

Na ile kanzu yako uliyoipiga pasi jana kwa ajili ya kusindikiza posa ya watu leo, usihangaike kuitafuta. Kola yake nimekutundikia kabatini.

Kitambaa ni kitambaa, mume wangu.

Mkeo,
Mama Chonga