Mzee wa Safu ya Tatu

3 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Mimi mzima, ila usingizi umenikimbia kwa ajili ya mchezo wangu mpya wa kuigiza. Ndiyo, ni ile hadithi yako: wewe mlinzi wa kiwanda cha magodoro, stoo inawaka moto, bosi kaondoka na ufunguo, binti mmoja anafia ndani. Nimebadilisha kidogo. Mlinzi wangu ufunguo anao, ila haruhusiwi kufungua mpaka bosi aseme. Basi anashuka jukwaani, anamkabidhi mtazamaji mmoja ufunguo, na mchezo unasimama mpaka mtu apande kufungua mlango. Watu wanatoka ukumbini hawasemeshani!

Tiketi hiyo humo ndani ya bahasha. Usinune, njoo.

Mwanao,
Chiriku

19 Machi

Chiriku,

Marahaba. Magoti yanauma, ahsante kwa kuuliza.

Nilikuja Jumamosi bila kukuarifu, nikitaka kukushtukiza. Nikakaa safu ya tatu. Yule mchezaji wako aliwapita watu wote, akaja kuniwekea ufunguo mkononi mimi. Ukumbi mzima ukanigeukia. Dada mmoja nyuma yangu akasema, "Mzee, si ufungue tu! Unangoja nini?" Sikuinuka. Mwishowe dada yule aliuchukua akaenda kufungua, nami nikatoka kwa mlango wa pembeni.

Kama ulitaka kunisuta, ungenisuta nyumbani. Nani alikuambia kwamba siku ile ufunguo nilikuwa nao?

Baba

24 Machi

Baba, shikamoo. Hata sijui nikuulize hali kwa mdomo gani.

Hakuna aliyeniambia, nakuapia. Ule ufunguo niliubuni kwa sababu watazamaji walihitaji kitu cha kushika. Mchezaji humchagua yeyote anayeonekana amechoka. Hakujua wewe ni nani. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Kimya kilidumu dakika nne, hakijawahi kufika hapo, nikamnong'oneza fundi wa taa, "Leo wamepatikana." Nilifurahi, baba. Kumbe ni wewe. Furaha ile naijutia kuliko mchezo wenyewe.

Nimeusimamisha. Niruhusu nije.

Mwanao

12 Septemba

Chiriku,

Marahaba. Barua zako zote sita zimefika, nimezisoma. Mchezo urudishe, hukukosea. Ulitaka watu wafikiri, na mimi nilikuwa nimekwepa kufikiri miaka kumi na tisa.

Mwezi uliopita nilimtafuta mama wa yule binti nikamweleza ukweli: ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, nikaogopa kibarua kisije kikaota nyasi. Hakupiga kelele. Aliniuliza jambo moja tu, kama mwanawe aliniita. Nikasema ndiyo, aliniita sana. "Baba, fungua. Baba."

Basi usije kwanza, mwanangu. Ukinitamkia neno hilo sasa hivi, nitamsikia yeye.

Mzazi wako