Vidonge vya Njano

Jumatatu, 3 Machi

Vidonge vimebadilika rangi! Miaka mitatu nameza vyeupe, leo mfamasia kanipa vya njano. Nikamuuliza. Kasema dawa ni ileile, kiwanda tu ndicho kingine. Kasema huku anamwangalia mteja wa nyuma yangu. Mtu mkweli humwangalia anayesema naye.

Jumanne, 4 Machi

Dada yangu, ninayeishi kwake, kauliza, kama kila siku saa moja asubuhi, mswaki mdomoni: nimemeza? Nikasema ndiyo.

Sikumeza. Nimekitia mfukoni mwa koti, kimefungwa kwenye kipande cha kitambaa. Si kwamba nimeacha dawa — niliandike hapa lijulikane. Nachunguza kwanza. Nikiridhika, nitaendelea.

Najua nikiacha yananipata yapi. Daktari anaita baipola. Mimi naita kupanda na kushuka. Mara ya mwisho nilipanda, nikaacha kazi kwa barua ya kurasa kumi na moja. Nikashuka, nikarudi kuomba radhi kwa machozi. Msimamizi alinipokea kwa sharti moja tu: dawa. Kwa hiyo mimi si mjinga. Nachunguza tu.

Alhamisi, 6 Machi

Cha tatu mfukoni. Kichwa chepesi! Nalala kidogo, naamka kabla ya kila mtu, naandika, nafua, napanga kabati. Karakanani nimemaliza kukata sketi za shule kabla ya chakula cha mchana. Wenzangu wananiita Bi Mkasi. Leo mpiga pasi kaniambia, "Bi Mkasi, taratibu, hiyo meza haikimbii." Kwa nini kasema vile? Nani kamtuma?

Jumamosi, 8 Machi

Dada na mumewe walikuwa jikoni wananong'ona. Nilipoingia, kimya. Halafu shemeji akaniuliza nimelalaje. Shemeji huyu huyu asiyejua soksi zake ziko wapi! Nikamjibu nimelala chali. Akacheka. Dada hakucheka.

Chupa ya vidonge niliiacha karatasi yake ikitazama dirisha. Nimeikuta inatazama ukuta. Dada anavihesabu. Na ahesabu, hesabu yangu imekaa sawa: kila asubuhi kinatoka kimoja, ila hakifiki tumboni. Mtu akikuhesabia vidonge kwa siri, ana lake jambo.

Jumatatu, 10 Machi

Wamenifanyia kitu.

Niandike polepole. Oda ya mashati ya walinzi. Karatasi ya kipimo cha mkono ni mpya, nimeikata mwenyewe leo asubuhi. Upande mmoja nimeandika KUSHOTO, upande wa pili KULIA. Unapanga kitambaa tabaka thelathini, unachora kwa chaki, unakata. Kisha unaigeuza karatasi, unakata thelathini nyingine. Kazi ya miaka kumi na miwili, naifanya nimefumba macho.

Saa nane washonaji wakaanza kuguna. Mikono sitini — yote ya kushoto! Sitini!

Nikasema mpiga pasi kairudisha karatasi nilipokwenda msalani, nimeshaanza kuchora upande wa KULIA. Nilisema kwa sauti, tena nikamnyooshea kidole mbele ya watu wote. Mama wa watu akabaki ameshika pasi. Msimamizi hakugomba. Kainua karatasi, kanionyesha. Upande wa KUSHOTO ukingo umejaa chaki. Upande wa KULIA safi, hakuna hata vumbi. Haijageuzwa na mtu yeyote, hata mimi.

Nimeitazama karatasi ile mpaka macho yakaniuma. Nakumbuka kuigeuza. Nakumbuka kabisa.

Kaniambia nipumzike hadi Ijumaa, halafu tutazungumza. "Tutazungumza" ya msimamizi naijua. Nilipokuwa nachukua koti nikamsikia kwenye simu akimtaja dada yangu. Kumbe wanapigiana! Nilijua.

Jumanne, 11 Machi

Asubuhi. Dada hajaenda kazini. Kaketi ukingoni mwa kitanda changu, sare yake ya kazi imepigwa pasi, chupa mkononi. Hakuuliza kama nimemeza. Hilo ndilo lililonitisha.

Nikamwambia mwenyewe: saba, mfukoni mwa koti.

Hakupiga kelele. Kasema msimamizi alimpigia jana, naye akamsihi anisubiri, asinifukuze. Akauliza: tumpigie daktari, anieleze kuhusu hii rangi? Nikasema daktari na mfamasia lao moja.

"Na mimi je, mdogo wangu?"

Nampenda dada kuliko mtu yeyote. Lakini kama jana nilikumbuka kitu ambacho hakikutokea, leo nimwamini nani — yeye, au kichwa hiki?

Nikasema: basi meza wewe kwanza, nione.

Ndivyo nilivyosema. Aibu inaniunguza uso ninapoandika.

Hakubishana! Kafungua chupa, katoa kimoja, kakiweka ulimini. Kachukua glasi ya maji. Nilimtafuta uongo usoni — kote, hadi pembe za macho. Niliona mtu aliyechoka tu. Glasi ikagusa mdomo.

"Tema!" nikapiga kelele. "Tema, dada. Hicho ni changu."

Katema. Kiko kiganjani mwake, kimelowa. Nimemwambia anipe dakika moja niandike, kisha anipe glasi. Kasema niandike tu, hana haraka. Glasi bado kaishika yeye.