Mkanda Uliokushusha

Fundi,

Ni mimi Salome, mwanafunzi wako uliyempandisha minara ya simu akiwa bado anaogopa ngazi ya kuegemeza ukutani. Sijapanda tena tangu moyo wako uliposimama ukiwa juu ya mnara kule Kingerikiti. Ulidondoka, mkanda wako wa usalama ukakudaka, nami nikakushusha taratibu kwa kamba huku nakuita njia nzima. Hukuitika.

Msiba ulipoisha, wazee waligawa vitu vyako kama ilivyo desturi. Koti alichukua mdogo wako, mkanda nikapewa mimi. Mkeo, Mama Anna, alinifunga mwenyewe kiunoni mbele ya ukoo. "Huu ulimrudisha," alisema. "Na wewe utakurudisha."

Nikashukuru, Fundi. Wewe ndiye uliyekuwa ukifoka kwamba mkanda ukishamdaka mtu umemaliza kazi, hauvaliwi tena, hata kama mishono inaonekana mizima. Lakini kukataa urithi wa marehemu mbele ya mjane wake, nani anaweza? Nikaubeba nyumbani, na kila nilipoitwa kazini nikasingizia mgongo.

Wiki iliyopita nilichoka kudanganya. Nilimfuata Mama Anna kwenye kahawa nyuma ya nyumba yake, mkanda mkononi, nikamweleza yote huku nalia. Aliendelea kuchuma. Kisha akauliza, "Angekuwa yeye, angeufanyaje?"

Nikamjibu ungeukata, asije mwingine akauokota akauvaa. Akaingia ndani kuchukua kisu, akaukata mwenyewe, akilia kwa sauti ambayo hakuitoa hata makaburini.

Leo tumekwenda wote Mbinga mjini kutafuta mpya. Unanijua nilivyo msumbufu. Muuza duka alilazimika kunining'iniza kwenye boriti niijaribu, wateja wanacheka. Nilitaka mmoja wa nje na ndani: minarani, ambako baridi ya Litembo hunivalisha masweta, na kwenye dari za makanisa, ambako joto la bati huniacha na fulana. Kwa hiyo mikanda ya mapaja lazima iweze kulegezwa na kukazwa. Nikataka pete za kufungia kamba kifuani na mgongoni, na sponji pana kiunoni, maana kupaka rangi dari ni kuning'inia kutwa. Mama Anna alivuta kila mshono. Aliuliza maswali yako yote, Fundi. Kumbe hata chakulani ulikuwa ukimsomesha mikanda.

Nimekukumbuka mpaka kifua kinauma.

Kesho napanda na mkanda mpya. Mama Anna amesema atakaa chini ya mnara mpaka nimalize. Nimemwahidi, na wewe nakuahidi: nitamshukia kwa miguu yangu mwenyewe.

Pumzika, Fundi.

Salome wako