Jibu la Fundi Cherehani

Kwako Baba Pacha,

Pacha wameota meno. Mmoja ananing'ata, mwenzake anacheka. Mama yako hajambo, anakusalimu.

Agizo lako kwamba nijitoe kwenye kundi la hadithi nimelisoma nikiwa nimepakata mtoto kila paja. Sijitoi, mume wangu. Mwezi huu tunapeana zawadi: kila mmoja anapendekeza michezo mitatu ya kuigiza, kisha mwenzake anamwandikia hadithi mpya ya wahusika wa mmojawapo. Mwaka jana nilipendekeza ule wa wapelelezi uupendao wewe, nikaandikiwa kurasa kumi za risasi. Safari hii nimependekeza mmoja tu, ule wa redioni wa fundi cherehani.

Msimamizi akaniuliza, "Mama Pacha, mbona nafasi mbili umeziacha wazi?"

"Nikizijaza nitakuwa namfurahisha mtu mwingine, siyo mimi," nikamjibu.

Unakumbuka, mchezo huo ulikatizwa hewani pale mume wa fundi alipomkuta kafungua duka, akafoka, "Nani kakuruhusu?" Nimeomba zawadi yangu iwe jibu la yule fundi. La kwangu unalo.

Soksi zako nimezishona, zinakuja na barua hii.

Mkeo akupendaye, na kundini yumo,
Mama Pacha