Sanduku la Philémon Lilipwe Peke Yake

Kasha, Bagira
Bukavu, tarehe 8 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Héritier,

Pokea salamu kutoka nyumbani, wewe, Mireille na watoto. Natumaini barua hii itawakuta wazima wote. Mgongo wa Mireille umepoa? Ulisema kazini kwake anasimama siku nzima, nami nilifikiri miguu, kumbe ni mgongo. Mwambie awe anaukanda kwa maji ya moto yenye chumvi, kama Maman alivyokuwa akimkanda Papa.

Huku tupo. Maman ana goti lake lile lile, linamwambia mvua inakuja kabla ya mawingu. Anakula vizuri, lakini masikio yamepungua sana. Maharage ya shamba letu la Mudaka tumepanda juma lililopita, na udongo ulikuwa laini. Kila jioni anauliza kama umepiga simu.

Utashangaa kupata karatasi badala ya sauti. Ujumbe wa simu hapa kwetu hauna mlango. Mmoja anausikiliza, mwingine anautuma kwenye kundi la familia, na kabla ya jioni Kadutu nzima inajua. Padri Déogratias wa parokia yetu anakuja Montréal masomoni, amekubali kuichukua barua hii na kuitia posta huko.

Ujumbe wako niliusikiliza nikiwa nimekaa kwenye jiwe la kufulia. Niliurudia, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani nimesikia vibaya. Kwamba una kadi nne za banki na zote ni deni. Kwamba kila mwezi unalipa, na unacholipa kinaliwa na riba, deni lenyewe linabaki limekaa pale pale. Kwamba banki iko tayari kuyakusanya yote yawe deni moja lenye riba ndogo, lakini sharti kwanza uyapunguze kidogo. Na kwamba kwa hiyo tuuze shamba la Mudaka.

Sisi huku tulijua kadi ni mfuko. Mtu akisema Héritier amelipa kwa kadi, tulielewa kwamba mshahara wako umelala humo ndani nawe unauchota. Maman anaiombea kwenye rozari. Akimaliza wagonjwa na marehemu anasema: «Na kadi ya Héritier, Bikira Maria, uilinde isikauke.» Nami nilikuwa naitikia amina. Kumbe tulikuwa tunaomba deni lisikauke, na kweli halikukauka.

Unaijua Banki Lamberi ya hapa kwetu. Si banki, ni mtu tu wa mtaani, anakupa kumi unarudisha kumi na tano. Akija kudai anagonga mlango, majirani wanachungulia, na aibu ile inakufundisha usirudi kwake. Hiyo yenu haigongi. Inakuandikia kwa adabu, inakuita bwana, na ukikaribia kuzama inakuongezea kiasi cha kukopa. Afadhali yule wetu anayetukana.

Nina uchungu nawe, Héritier, sitauficha. Kila mimi dada yako mkubwa nilipokupigia ulijibu, «Hakuna shida, yaya.» Paa la mjomba wetu, Tonton Floribert, hakuna shida. Arusi ya mdogo wetu Charlène, vikwembe vya kitenge vya sare kwa wanawake wa familia yote, hakuna shida. Ungesema hata mara moja tu kwamba shida ipo, tungenung'unika juma moja, halafu tungevaa vikwembe vya zamani. Watu hawafi kwa kuvaa vikwembe vya zamani.

Lakini si arusi inayoniuma. Ni sanduku la kumzikia Philémon.

Mume wangu alikuwa fundi wa kushona, unamjua. Nakumbuka koti alilokushonea ulipoondoka. Mfuko wa ndani aliufumua akaushona upya, kwa sababu mara ya kwanza mkono wako ulikwama humo, naye akasema kwenye mpaka mtu hatakiwi kuhangaika kutafuta karatasi zake. Alikuwa akishona huku ulimi umetoka kidogo pembeni, kama mtoto anayejifunza kuandika. Mtu wa namna hiyo hakuhitaji makuu. Alipofariki, Hugues seremala, jirani yetu, alikuja mwenyewe na kipimo, akaniambia mbao anazo, nilipe misumari tu. Nikakubali.

Wakati mimi nimekaa chini kwenye kilio, nimefunikwa kichwa, Tonton Floribert alitoka uani na simu. Aliporudi alisema umeagiza sanduku lenye kioo na mikono ya dhahabu, na fanfari ya matarumbeta ya kulisindikiza. Alinipa simu nikakusikia ukisema: «Shemeji hawezi kuzikwa kama mutu asiye na ndugu Kanada.» Mimi sikuwa na nguvu ya kubisha. Hugues alichukua kipimo chake akaondoka. Philémon akateremshwa ndani ya dola mia nane, na dhahabu ile ilikuwa rangi tu. Niliiona imeanza kubanduka kabla hawajarudishia udongo.

Sasa najua kwamba dola hizo zilitoka kwenye ile unayoiita kadi nyekundu, na mpaka leo hazijarudi. Mume wangu, ambaye alikuwa hanunui hata uzi kwa deni, amelala kwenye sanduku la banki ya nchi asiyowahi kuiona.

Shamba la Mudaka haliuzwi. Nalisema mapema ili usiwe unalitafuta kwenye mistari ya chini. Maman anakula kutoka pale, na kinachobaki tunauza, ndicho kinachonunua dawa yake ya goti. Likiuzwa itabidi mtu amtumie Maman pesa ya chakula kila mwezi, na mtu huyo ni wewe, na utaitoa wapi? Utaitoa kwenye kadi.

Nilifikiri wale waliokula wakusaidie kutema. Niliwaita hapa Kasha Jumapili baada ya misa, Tonton Floribert na Charlène. Maman alikuwa mlangoni akichagua maharage, hasikii. Sikutaka kueleza kwa mdomo wangu, niliwapa simu wakusikilize wenyewe, ikapita sikio hadi sikio.

Tonton alirudisha simu kama mtu anayerudisha sahani isiyo na nyama. «Kanada mutu hakosaka franka,» alisema. «Anatufunga macho tu, asitutumie tena.»

Charlène alisema: «Yaya, bikwembe vya arusi vilishapauka. Nimurudishie nini, rangi?» Unamjua Charlène. Hata mimi nilikaribia kucheka.

Nikawaambia basi, arusi tuiache, paa tuliache. Tusaidiane hili la sanduku tu, maana Tonton ndiye aliyekwenda kulichagua dukani.

Tonton alisimama akajifuta suruali. «Mimi sikulala mule ndani,» alisema. «Mwenye kulala ndani ndiye alipe.»

Hapo hakuna aliyecheka. Charlène aliinama akawa anatafuta kiatu ambacho alikuwa amekivaa. Maman aliinua kichwa akauliza, «Kaka yangu anasema nini?» Nikamjibu anauliza kama chumvi ipo. Maman akasema ipo, na wakaondoka.

Basi mwenye kulala ndani amelipa. Nimeuza mashine yake ya kushonea na nafasi yake kwenye soko la Kadutu. Aliyenunua ni Maman Madeleine, yule anayeshona sare za shule, mtu mzuri. Alikalia kiti cha Philémon, akakanyaga mara moja, akasema mashine imetunzwa. Nikamwambia ndiyo, kila Jumamosi aliipaka mafuta kwa unyoya wa kuku. Alitaka na kopo la vifungo. Hilo sikumpa.

Pesa hazikufika. Kilichopungua nimekitoa kwenye akiba yangu ya AVEC, chama chetu cha akina mama, tulipogawana mwezi wa nane. Sikukopa popote. Nilikwenda mjini kwenye dirisha la kutuma, na huko nilikuwa kichekesho.

Yule kijana aliniambia bila kuinua macho: «Maman, kupokea ni dirisha ile ingine.»

«Sipokei,» nikasema. «Natuma.»

«Unatuma Uvira?»

«Kanada.»

Aliniangalia, akamwita mwenzake. «Kuya usikie, maman anatuma Kanada.»

Mwenzake akauliza: «Kanada ya wapi?»

Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu, ameshika karatasi yake ya kupokea, akasema: «Maman, utatuharibia njia. Bakisikia huku franka iko, bale ba kule batakata yetu.» Watu wote walicheka, nami nikacheka nao. Kucheka kulinisaidia kuweka sahihi. Gharama ya kutuma peke yake ni bei ya gunia la makala ya kupikia.

Namba ya kupokelea nitakutumia kwenye simu, kwa maandishi, bila maelezo. Ni dola mia nane kamili. Riba iliyozaliwa juu yake mwaka huu wote sikuihesabu. Hiyo ni mtoto wa hakuna shida yako, uilee mwenyewe.

Sasa sikiliza ninachokuomba, maana ni hiki tu. Kuyakusanya madeni yawe moja ni jambo jema, sikatai. Mtu mwenye wadai wanne hata kusali hawezi, mwenye mdai mmoja anaweza walau kumsalimu. Lakini deni likishakusanywa halina jina tena. Paa la Tonton, vikwembe vya Charlène, viatu vya watoto wako, fanfari ile iliyopiga vibaya, vyote vitakuwa namba moja, na utailipa miaka mitano bila kujua mwezi huu unamlipia nani. Mimi sitaki mume wangu awe humo. Kabla hujaweka sahihi kwa yule mshauri wa banki, chukua hizi mia nane, uzirudishe kwenye kadi nyekundu, kwa jina la sanduku. Najua utaniambia franka haina jina. Huku kwetu inalo.

Kama kwa hizo deni litashuka kiasi wanachotaka, tumshukuru Mungu. Kama halitoshi, uza gari. Uliniambia mwenyewe kwamba Mireille anakwenda kazini kwa basi, basi nawe panda basi hilo. Na kadi zote nne uzikate kwa mkasi mbele ya Mireille, si ukiwa peke yako. Nimewaona wanawake katika chama chetu waliounganisha madeni yao, wakapumua mwezi mmoja, kisha wakakopa tena kwa furaha ya kupumua.

Kuna jambo la mwisho. Mwezi ujao unatimia mwaka tangu Philémon atutoke, na Tonton Floribert amekwisha kupanga sherehe ya kuondoa kilio. Kreti za bia, mbuzi, viti vya kukodi, na vikwembe vya sare tena. Mlangoni Jumapili ile ile, kabla hajaenda zake, aligeuka akaniambia kwa upole kabisa: «Bei zote nitamutumia Héritier.» Baada ya yote aliyoyasikia sikioni mwake.

Atakupigia. Usimwambie hakuna shida. Mwambie shida ipo. Kama ulimi utakushinda, usipokee simu.

Nimeendelea kuvaa nyeusi. Siwezi kuiondoa wakati aliyezikwa bado anadaiwa, hayo ni yangu mwenyewe, sijafundishwa na mtu. Ukishalipa, niandikie kwenye simu neno moja, limelipwa, nitaelewa. Asubuhi itakayofuata nitavaa kikwembe cha kijani alichonipindia Philémon mwenyewe, niende misa ya kwanza, nirudi nipike. Hiyo ndiyo kuondoa kilio. Maman atakuwepo, na Hugues seremala nitamwalika chakula. Hakuna bia, na hakuna cha kutuma.

Msalimu sana Mireille, mwambie sina neno naye. Wabusu watoto. Huku wanakusalimu Maman, Hugues na mkewe Adèle, na hata Charlène, ambaye jana alileta sambaza kidogo, wale dagaa wa ziwani, kwenye sahani iliyofunikwa, akaiweka mezani, akaondoka kabla sijaifunua.

Mungu aliyekufikisha huko akupe usingizi, na akupe kinywa cha kusema hapana.

Mimi ninayekukasirikia kwa sababu bado nakupenda,

yaya wako,
Séraphine