Ufa Uliojichora Kwenye Chaki

Mshauri mpendwa, shikamoo, na kama mimi ndiye niliyekuzidi umri basi niitikie tu maana shida haina mkubwa, mimi ni mama wa kufulia watu nguo, shule sikufika mbali, ila binti yangu kaingia chuo cha uhandisi, na tangu waanze somo lao la chuma na kioo na plastiki, kwa nini hiki kinapinda na kile kinavunjika, kwangu ni maajabu tu. Juzi alinipa kipande cha waya akasema mama pinda, nyoosha, pinda tena, nikafanya, pale panapopinda pakapata joto, joto la kweli mshauri, kisha pakawa pagumu, kisha ukakatika. Akaniambia ndani ya chuma kuna punje zimeshikana kama chumvi iliyoganda, na kila kinaposumbuliwa kinaweka moyoni. Nikaitazama sufuria yangu kama mgeni aliyeingia bila hodi.

Sasa balaa. Tunakaa ghorofani, ngazi ni moja, ya chuma, iko nje, na dada mwenye nyumba, ambaye alinilelea huyu binti nilipolazwa, kila mwaka huipiga rangi ikang'aa. Binti akaona kamstari ka kutu kamepenya kwenye rangi, pale juu ngazi ilipochomelewa kwenye jengo. Akakwangua, akapaka mafuta ya taa, akafuta mpaka pakakauka, akapaka unga wa chaki, akasema subiri mama. Nikasubiri na beseni la nguo za watu kichwani, na ule weupe ukaanza kujichora, mstari mwembamba kama unywele, unarefuka bila mkono wa mtu, kumbe ni mafuta yanatoka mle ndani ya ufa yalimojificha. Nilitua beseni. Mwili ulinisisimka kama niko kwenye ibada.

Mwenye nyumba kutoka nje akaona chaki, akasema huo ni uchawi, tunamwangia nyumba. Binti akaeleza kwa adabu, dada akamjibu, "Ngazi hii imepandisha makabati ya watu, leo ije ishindwe na chaki yako?" Wapangaji wakacheka. Sasa anataka Jumapili binti aombe radhi mbele ya wote na atamke kuwa ngazi ni nzima, la sivyo tuhame. Binti kaniambia, "Radhi ya chaki nitaomba, mama. Kusema ni nzima, siwezi." Mshauri, huyu dada kwangu ni kama ndugu wa damu, na pa kwenda sina, je nimlazimishe mtoto? Mimi mwenyewe napanda na beseni langu nikiambaa ukuta.

Mama wa Ghorofani

Mama, marahaba. Barua yako imenifanya nichukue hanga ya waya nikaipinda hapa mezani, na kweli imepata joto. Hofu yake haijanitoka mpaka sasa.

Ila nikugombeze. Umeona ufa kwa macho yako, ukatua beseni kwa mshangao, halafu ukalibeba tena ukapanda nalo? Kuambaa ukuta hakusaidii, ngazi yote imeshikiliwa pale pale. Na hayo makabati si ushahidi. Ule waya wako nao ulikubali kupindwa kila mara, isipokuwa ile ya mwisho.

Usimlazimishe. Aombe radhi ya chaki, tena kwa unyenyekevu, maana kukwangua rangi ya mtu bila kumwambia ni utovu wa adabu. Hilo la pili asilitamke, kwa sababu kuna watoto wa watu watapanda wakiamini kauli yake.

Jumapili usiingoje. Leo hii waambie majirani mizigo isipande na watoto wasichezee pale. Kisha mwendee dada yako peke yako, bila binti, bila hao wachekaji. Usimwambie amekosea. Mpe mafuta ya taa, kitambaa na chaki, apake kwa mkono wake, halafu nyamazeni wote wawili mtazame. Mstari ukitokea, fundi wa kuchomelea aitwe siku hiyo hiyo, aweke nguzo chini kwanza ndipo aguse kingine.

Akiuona na bado akawafukuza, hameni. Teremsheni vyombo kidogo kidogo, mmoja mmoja kwenye ngazi. Mtafika chini bila nyumba, mama, lakini mtafika.